Muuzaji Aliyelisema Vibaya Gari Lake

Mume wangu alijiandaa kudanganywa. Wiki nzima kabla hatujashuka Masasi kuliangalia lile gari, kila jioni alikaa kibarazani na kikombe chake cha chai, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya Newala ya mwezi wa sita, akinifundisha uongo wa wauza magari kana kwamba kesho yake nilikuwa naingia chumba cha mtihani.

"Watakwambia lilikuwa la daktari, linatoka nyumbani linakwenda hospitali, basi," alisema. "Watakwambia aliyekuwa analiendesha ni mwanamke, kwa hiyo halijakimbizwa. Watakwambia mwenyewe analipenda kama mwanawe. Ukisikia hata moja kati ya hayo, nikanyage mguu. Usiseme kitu."

Nilikubali. Baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa najua kuna mambo ambayo ni rahisi kuyakubali kuliko kuyajadili.

Safari yetu ya gari ilianzia kwenye pikipiki. Mwaka uliotangulia tulianguka wote wawili kwenye mchanga wa njia ya kwenda shambani kwake, yeye mbele, mimi nyuma na kapu la chakula cha vibarua. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono. Yeye alichanika suruali. Kwa wiki sita nilifundisha jiografia mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wa kidato cha pili walisema mwandiko wangu umependeza. Siku plasta ilipokatwa nilimwambia mume wangu kwamba sipandi tena kile chombo, na kwamba korosho za msimu ule na akiba yangu ya mshahara zingekutana kwenye kitu chenye milango minne. Hakubisha. Nadhani ile suruali ilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Suala la nani ataendesha hatukuwahi kulizungumza. Kwake lilikuwa limekwisha kabla halijaanza. Katika ujana wake aliendesha trekta la ushirika kwa misimu miwili, na tangu hapo amekuwa na maoni kuhusu kila kitu chenye injini, mashine za kusaga zikiwemo, na ndege. Mimi nilikuwa na leseni. Niliipata nilipokuwa mwalimu mpya Tandahimba, kabla hatujaoana, mimi na mwalimu mwenzangu tulipokuwa tukienda mafunzo ya udereva kila Jumamosi kwa kukosa cha kufanya. Kila ilipoisha muda niliihuisha, na kila alipoiona mezani mume wangu aliicheka kwa upole. Aliiita kitambulisho changu cha akiba.

Basi siku ilifika, tukapanda basi la asubuhi, tukashuka mlima masikio yakiziba na kuzibuka, tukaiacha baridi juu na kuingia kwenye joto la Masasi tukiwa bado na makoti. Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa chini ya mojawapo ya ile milima ya mawe, imepakwa chokaa, ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ilionekana. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Lilikuwa dogo, jeupe lililoanza kuwa la maziwa ya mgando, namba za usajili zile za zamani za herufi A, gia otomatiki.

Mwenye gari alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa muuguzi mstaafu, mkunga, mwanamke mwembamba wa miaka kama sitini na minane, mwenye miwani minene na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume na wakasukuma. Wauguzi wa umri wake huku kwetu tunawaita Sista, wawe watawa au wasiwe. Yeye alikuwa na wajukuu saba.

"Shikamoo, Sista," alisema mume wangu.

"Marahaba. Karibuni. Hamjambo? Gari ni lile pale. Nilikuwa naenda nalo kazini, hospitali na kurudi, na kuendesha naendesha mwenyewe tu."

Nilimkanyaga mume wangu mguu. Nikafikiri kidogo, nikamkanyaga tena, kwa sababu uongo ulikuwa wa aina mbili.

"Lakini kabla hamjaliona," Sista aliendelea, "kaeni niwaeleze hali yake. Linaumwa."

Tulikaa kwenye mkeka. Alituletea maji na maandazi, akaanza kutukabidhi lile gari kama wauguzi wanavyokabidhiana wodi asubuhi, bila huzuni na bila kuficha. Limetembea kilomita laki tatu na ushee. Dirisha la nyuma kushoto halishuki. Likishuka, halipandi. Taa ya ndani huwaka ikitaka. Lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye gia boksi. Ukiliwasha asubuhi na kuweka gia ya kwenda mbele, haliondoki hapo hapo, linangoja. Likipata joto, kwenye mlima, gia huteleza: injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Fundi wake anadhani itakufa. Hajui lini.

Mume wangu alikuwa ameshikilia andazi bila kuuma. Wiki nzima ya maandalizi, na katika somo lote hakukuwa na mada hii. Aliniinamia akaninong'oneza kwa Kimakonde kwamba mtu anayekuambia ubaya wote wa gari lake lazima kuna kitu kikubwa zaidi anachoficha.

Sista alimjibu kwa Kimakonde, lafudhi safi kabisa, kwamba hafichi kitu, na kwamba alifanya kazi Newala miaka tisa.

Nilitazama mlima wa mawe mpaka kicheko kikapita.

Tuliuliza kwa nini basi analiuza. Alivua miwani akaipangusa. "Macho," alisema. "Siku hizi pikipiki moja naiona mbili. Sasa ukute ziko mbili kweli." Alivaa miwani tena. "Nalipenda kama mwanangu."

Sikumkanyaga mume wangu mara ya tatu. Alikuwa amesogeza mguu.

Ili kumridhisha mume wangu, tulimleta fundi, si wa Sista bali wa kwetu, yaani mtu ambaye mume wangu alimpata kwa kusimama barabarani na kuuliza. Fundi alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yalikuwa ya kahawia iliyoiva. Alinusa. Akampa mume wangu anuse. Mume wangu alinusa kwa muda mrefu, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo, kisha akanipa mimi. Yalinuka kama ugali ulioungua.

"Sahani zake za ndani zimeanza kuungua," fundi alisema.

"Tukibadilisha mafuta?" mume wangu aliuliza.

"Mkibadilisha, inaweza kufa kesho. Mafuta mapya hayapatani na gia boksi iliyochoka. Mkiyaacha, inaweza kufa kesho kutwa. Au baada ya mwaka. Chagueni siku." Alifunga boneti. "Nyie mnakaa wapi?"

"Newala."

"Ah," alisema fundi. Akaanza kukusanya spana zake.

Pale ndipo nilipodhani Sista angesema tuache. Badala yake alikwenda ndani, akatoka amevaa viatu vya kamba na amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, akafunga mlango kwa kufuli.

"Tunakwenda Newala," alisema. "Siwauzii mpaka lipande mlima na mimi nikiwa ndani. Sitaki kukaa hapa nikiwaza watu wako njiani kwa gari langu."

"Sista, ni mbali," nilisema.

"Nimelipandisha huo mlima nikiwa na mwanamke mwenye uchungu kiti cha nyuma. Twende."

Mume wangu alishika funguo. Alizungusha macho kukagua vioo, akakaza mkanda, akawasha injini kwa heshima zote. Aliweka gia. Gari lilingoja kama tulivyoambiwa, kisha likashtuka kidogo na kuanza kwenda. Tulitoka uani vizuri. Tuliingia barabarani vizuri. Alipotaka kupunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, mguu wake wa kushoto, ambao kwa misimu miwili ya trekta ulikuwa umefundishwa kukanyaga klachi kwa nguvu zote, ulikwenda kuitafuta klachi. Gari la otomatiki halina klachi. Mguu ulikutana na breki.

Sote watatu tuliinama kama tunaoswali. Kikapu cha Sista kilitoka miguuni kwake kikagonga dashibodi.

"Samahani," alisema mume wangu.

Ilitokea tena penye tuta, na mara ya tatu mahali pasipokuwa na kitu chochote. Kila mara alisema samahani, na kila mara aliutazama mguu wake wa kushoto kama mfanyakazi aliyemwamini akamwangusha. Tulikuwa hatujafika hata mwisho wa mji.

Sista alimwita kwa upole, baba wa mtoto wetu wa kwanza, akataja na jina la mtoto kama nilivyokuwa nimemtajia. "Simama pembeni, Baba. Huo mguu utatuua." Kisha akageuka nyuma kwangu. "Mwalimu, wewe unajua?"

Nilisema nina leseni.

"Sikuuliza leseni."

"Najua kidogo."

"Kidogo kinatosha. Njoo mbele."

Tulibadilishana viti mimi na mume wangu bila kutazamana. Alipokaa nyuma alikunja mikono na kutoa sauti ndogo puani. Mimi niliusogeza ule usukani kwa vidole tu, kwanza. Ilikuwa imepita miaka mingi.

Sista alinifundisha njiani. Jambo la kwanza lilikuwa lile la kungoja. "Ukiweka gia, liamkie," alisema. "Sema shikamoo. Usikanyage mafuta. Likiitikia marahaba, ndipo uondoke." Nilidhani ni maneno ya kunichangamsha tu, lakini nilipojaribu niliona ni kipimo sahihi. Unaweka gia, unasema shikamoo kwa utulivu kama unamsalimia mtu mzima, unavuta pumzi, na gari linashtuka chini yako. Ukiharakisha, linaguna.

Tambarare zote tulikwenda vizuri. Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, na watu waliobeba mashine za kupulizia mgongoni, vichwa vimefungwa vitambaa, wamekuwa njano kwa salfa, dawa ya mikorosho. Harufu ya salfa iliingia kwa lile dirisha lisilopanda, kwa sababu mume wangu, katika kukagua kama ni kweli, alikuwa amelishusha.

Kisha tukaanza kupanda.

Kona ya kwanza gari lilikwenda. Kona ya pili injini ilianza kulia kwa sauti ya juu, ile sauti ya kukimbia, huku miti ya pembeni ikitupita polepole zaidi na zaidi. Nilikanyaga mafuta.

"Toa mguu!" alisema Sista. "Usilisukume. Toa. Ngoja lishike. Sasa kidogo. Kidogo, Mwalimu, kama unakanyaga yai."

Lilishika. Likaachia. Likashika. Harufu ya ugali ulioungua ikaanza kuingia ndani, na Sista akanionyesha sehemu pana pembeni ya barabara, penye rundo la kokoto, niegeshe. Nilizima injini. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka tukasikia chuma kikilia ti, ti, ti chini ya boneti.

"Linapumzika," Sista alisema. Akafunua kikapu chake. Ndani kulikuwa na ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya kwetu, imechemshwa na kutiwa chumvi, bado ina uvuguvugu, na chupa ya chai na vikombe vitatu. Vitatu. Mume wangu alivihesabu kwa macho.

"Sista, ulijua tutasimama," alisema.

"Baba, nimewaambia tangu asubuhi."

Tulikula tumekaa ndani, milango wazi, bonde la Masasi lote liko chini yetu. Pikipiki zilipita zikipanda, na karibu kila moja ilipunguza mwendo. Mmoja wa wapandaji alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. "Mwalimu, shikamoo! Gari limekufa?" Nilimwambia linapumzika tu. "Hongera kwa gari," alisema, akaongeza mwendo, na nikajua kwamba kabla hatujafika Newala, Newala ingekuwa inajua.

Mume wangu alikuwa amelegea kidogo kwa chai. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeanza upelelezi upya, inawezekanaje gari la kwenda kazini na kurudi litembee kilomita laki tatu.

"Kuna wanawake wanaoweza kuja hospitali," Sista alisema, "na kuna ambao ndugu zao hupiga simu uchungu umeshakolea, hakuna usafiri, mvua inanyesha. Nilikuwa nawafuata. Lukuledi, Lisekese, na huko vijijini ndani kabisa. Wengine tulifika. Wengine hatukufika." Alimenya mng'oko akautia chumvi. "Watoto wanne wamezaliwa humu ndani. Wote wazima. Mmoja sasa ni askari. Alizaliwa hapo ulipokaa wewe, Baba."

Mume wangu alijiinua taratibu kutoka kwenye kiti, akashika mpini wa juu ya mlango, akabaki ananing'inia hivyo kwa muda.

"Tulilisafisha," Sista alimhakikishia.

Nadhani ni hapo nilipoamua kulinunua, nikiwa namtazama kwenye kioo akining'inia. Sikumwambia. Sikutaka kuliharakisha jambo ambalo bado lilikuwa halijafika juu.

Tulipoondoka tena, gari lilikuwa limepoa na mimi nilikuwa nimepata moyo. Tulizimaliza kona tatu. Iliyobaki ilikuwa ile iliyosimama kuliko zote, na katikati yake gia iliteleza tena, injini ikilia, mwendo ukipungua mpaka nikaona mchwa pembeni ya barabara mmoja mmoja.

"Uzito," alisema Sista. Akageuka nyuma. "Baba, shuka."

"Nishuke wapi? Linakwenda!"

"Linakwenda kwa mguu. Nawe shuka uende kwa mguu."

Alifungua mlango akashuka. Hakuhitaji hata kuruka. Gari lilijisikia unafuu, lakini si sana, na kwa mwendo wa kama mita mia mbili mume wangu alitembea sambamba nasi, upande wangu, mikono nyuma kama mkaguzi wa barabara. Tuliweza kuzungumza kawaida kabisa.

"Joto linasemaje?" aliuliza.

"Mshale uko katikati."

"Usikanyage sana."

"Sikanyagi."

Alitembea kidogo. "Unaendesha vizuri," alisema, akitazama mbele, si kwangu.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini wakati huo huo gia ilishika, kwa mara ya kwanza tangu chini, ilishika barabara, gari likaruka mbele na mume wangu akabaki nyuma akiwa bado amenyoosha shingo kwa ajili ya jibu.

"Nisimame?" nilipiga kelele.

"Usithubutu!" alisema Sista. "Ukisimama hapa halishiki tena leo! Nenda! Nenda!"

Nikaenda. Kwenye kioo nilimwona akipungua, kwanza amesimama na mkono umeinuliwa, kisha anakimbia hatua chache, kisha ameacha. Sista alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja na kusema, "Sukuma, sukuma, sukuma, hivyo hivyo, umefika," na sikujua anamwambia nani kati yetu. Tulitokea juu, upepo wa uwandani ukatupiga kwa lile dirisha bovu, barabara ikanyooka, na nikagundua nilikuwa nalia na kucheka.

Nilisimama penye tambarare. Sista alishuka, akalizunguka gari lote, akaweka mkono juu ya boneti, akautoa upesi kwa sababu ya moto, akaurudisha.

Mume wangu alifika baada ya robo saa, nyuma ya pikipiki, kati ya dereva na gunia la mihogo, amepakata kuku wa mtu. Alishuka, akamrudisha kuku kwa dereva, akajikung'uta, akatufikia.

"Mmeona wenyewe," alisema Sista. "Sasa semeni."

Sehemu hii mume wangu alikuwa ameifanyia mazoezi. Alikohoa, akataja bei ya chini sana, ile ambayo muuzaji anatakiwa kuipigia ukelele.

"Hiyo ni kubwa," alisema Sista. "Kwa hali mliyoiona, punguza."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama Newala. Alimwambia Sista kwamba gari bado lina bodi nzuri. Sista akasema bodi haipandi mlima. Mume wangu akasema matairi ni mapya. Sista akasema mawili tu. Mmoja alipandisha bei, Sista akaishusha, mpaka mume wangu, kwa jasho na kwa ushindi, akamshawishi apokee kiasi fulani cha katikati. Sijasikia popote pengine mnunuzi akipandisha na muuzaji akishusha, na mpaka leo anaihesabu ile kuwa biashara aliyoisimamia vizuri.

Sista alikaa kwetu siku mbili. Kila asubuhi, ukungu ukiwa haujatoka, alinizungusha uwanja wa shule, akinisahihisha. Mume wangu siku hizo alikuwa anaosha kiti cha nyuma. Alikiosha kwa sabuni ya unga, akakiosha kwa sabuni ya mche, akakianika, akakiosha tena.

Gia boksi ile iliishi miezi kumi. Wanafunzi waliigundua tabia ya gari siku ya tatu tu. Nikitoka shuleni saa tisa, kundi lilikuwa linanisubiri getini, kimya, na gari lilipokubali kuondoka wote waliitikia kwa pamoja, "Marahaba!" Mkuu wa shule aliwakemea mara moja. Mara ya pili nilimwona yeye mwenyewe dirishani, midomo inacheza.

Ilikufa Lisekese, jirani na Masasi, mahali pa tambarare kabisa, asubuhi, nikiwa na mama wawili niliowapa lifti na matenga yao ya nyanya. Haikupiga kelele. Niliweka gia, nikaamkia, nikangoja. Niliamkia tena. Wale mama walingoja nami kwa adabu, kisha wakashusha matenga yao mmoja baada ya mwingine. Nilimpigia Sista simu.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne na robo."

"Lilihangaika?"

"Hapana, Sista. Lilikuwa limeegeshwa tu."

"Afadhali," alisema. Baada ya nusu saa alifika nyuma ya pikipiki, amevaa vile viatu vyake vya kamba, akakaa nami kiti cha mbele mpaka gari la kutuvuta lilipokuja. Alifungua na kufunga kile kijisanduku cha dashibodi, akakuta ndani peni yake ya zamani, akaichukua.

Fundi alitutafutia gia boksi nyingine ya mtumba, ikaja na basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye kiroba kama zawadi ya harusi. Hii inashika mara moja, bila salamu. Sasa mume wangu naye akataka nimfundishe. Sista alimwandikia dawa kwa simu: avue kiatu cha kushoto. Mguu ulio peku, alisema, unajijua kwamba hauko kazini. Na ni kweli. Hivyo ndivyo anavyoendesha mpaka leo, kiatu kimoja mguuni, kingine kwenye kiti cha abiria, na mtu akiomba lifti kwanza anakabidhiwa kiatu.

Mwezi uliopita alikwenda Tandahimba peke yake kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa wakulima wa korosho. Saa sita mchana alinipigia.

"Nimefika," alisema. "Mkutano umekwisha. Watu wamenisifu gari."

"Vizuri. Unarudi?"

Nilisikia upepo na sauti za watu. "Nimeegesha nikitazama ukuta," alisema.

"Basi rudi nyuma."

"Hujanifundisha kurudi nyuma."

Ilikuwa kweli. Kwenye uwanja wa shule tulikuwa tunazunguka tu. Nilimweleza kwa utaratibu: kanyaga breki kwa mguu wa kulia, vuta mpaka kwenye R, tazama nyuma, achia kidogo kidogo. Alisema anajua R iko wapi, lakini wenzake wa mkutano wote wamesimama pale wanasubiri kumwona akiondoka, na si mahali pa mtu kujaribu kitu kwa mara ya kwanza.

"Sasa utafanya nini?"

Hakunijibu mimi. Alikuwa ameondoa simu sikioni. Nilimsikia akiwaambia, kwa sauti yake ya trekta, kwamba gari hili kwa asili yake halipendi kurudi nyuma likiwa limepoa, ni vizuri kulisaidia kidogo kwa mikono. Nikasikia viatu vingi, mtu akihesabu moja, mbili, tatu, na mume wangu akishukuru kila mmoja kwa cheo chake.